Jinsi ya kuandika wasifu wa mwigizaji wa televisheni ya India: mfano wa Arun Govil

Wasifu mwingi wa waigizaji wa India unaoandikwa kwa Kiswahili hufuata mtindo mmoja: tarehe ya kuzaliwa, orodha ya filamu, sifa mbili tatu, picha, basi. Msomaji anamaliza bila kujua kwa nini mtu huyo anakumbukwa ilhali wengine mamia waliopita mbele ya kamera ileile wamesahaulika. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuandika wasifu unaoeleza kazi ya mwigizaji na alama aliyoiacha katika jamii yake. Mfano tunaoutumia mwanzo hadi mwisho ni Arun Govil, aliyecheza Ram, mungu wa Wahindu, katika tamthilia ya Ramayan ya mwaka 1987. Ukimwelewa huyu, utaweza kumwandika mwingine yeyote, kwa sababu kwake kila ugumu wa kazi hii unajitokeza: dini, siasa, takwimu zenye utata na mtu aliyemezwa na nafasi aliyoicheza.

Tenga wiki mbili. Utahitaji daftari au jedwali la kompyuta, intaneti ya kutosha kutazama video kwa saa zisizopungua sita, na mtu mmoja anayejua Kihindi au Kigujarati atakayekusahihishia majina. Kabla ya yote, andika swali moja juu ya ukurasa wa kwanza. Kwa Govil swali letu ni hili: mwigizaji hupatwa na nini pale watazamaji wanapoiabudu nafasi aliyoicheza? Kila taarifa isiyosaidia kulijibu iache kwenye daftari, hata iwe tamu kiasi gani.

Jedwali la kazi

Chora safu sita: mwaka, jina la kazi, nafasi aliyocheza, filamu au televisheni, aliyeongoza au kutayarisha, na mahali ulikopata taarifa. Safu ya sita ndiyo watu huiruka, na ndiyo itakayokuokoa msomaji akikupinga.

Anza na kuzaliwa. Govil alizaliwa tarehe 12 Januari, Meerut, katika jimbo la Uttar Pradesh. Mwaka ndio wenye tatizo: kwingine utakuta 1958, kwingine 1952. Waigizaji wengi wa zama zile wana miaka miwili ya kuzaliwa, mmoja wa magazeti ya filamu na mwingine wa nyaraka rasmi. Kanuni ni nyepesi. Mtu akishagombea ubunge, kama Govil alivyofanya, taarifa alizozitoa kwa tume ya uchaguzi na kwa bunge zina uzito kuliko za jarida la filamu. Na kama umri wenyewe haubebi hoja yako, taja siku na mji, uendelee.

Kisha filamu. Aliingia kwa Paheli ya mwaka 1977, iliyotayarishwa na kampuni ya Rajshri. Hapa pana mtego wa kwanza: ipo Paheli nyingine ya mwaka 2005 yenye Shah Rukh Khan, na injini za utafutaji huitanguliza hiyo. Weka mwaka pembeni mwa jina la filamu kila unapoliandika. Mwaka 1979 alicheza katika Sawan Ko Aane Do, pia ya Rajshri, na filamu hiyo ilimfanya ajulikane. Usiandike kwamba alikuwa mtu asiyejulikana aliyeokotwa na televisheni. Alikuwa steringi wa filamu za kifamilia miaka minane kabla ya Ramayan. Familia yake nayo ilikuwa na mtu kwenye televisheni: kaka yake, Vijay Govil, alimwoa Tabassum, mtangazaji wa Phool Khile Hain Gulshan Gulshan, kipindi cha mahojiano kilichoanza mwaka 1972.

Mstari unaofuata watu wengi huuruka, nao una thamani kubwa: Vikram Aur Betaal, mwaka 1985. Ni tamthilia iliyotokana na hadithi 25 za kale za mfalme Vikram na pepo anayembebesha mafumbo. Govil alikuwa mfalme. Mtayarishaji alikuwa Ramanand Sagar, na humo walikuwamo pia Deepika Chikhalia, Sunil Lahri, Arvind Trivedi na Dara Singh. Majina hayo yote utayakuta tena Ramayan: Chikhalia akiwa Sita, mke wa Ram; Lahri akiwa Lakshman, mdogo wake; Trivedi akiwa Ravan, mfalme adui anayemteka Sita; Dara Singh akiwa Hanuman, mungu mwenye sura ya nyani anayemsaidia Ram. Yaani Sagar hakukusanya wageni mwaka 1987. Alikuwa na kikosi kilichozoeana, kilichokwisha kuvaa mataji na kusema Kihindi cha kizamani mbele ya kamera. Ukilikosa jambo hili utaishia kuandika habari za bahati na kudra, kumbe ilikuwa kazi iliyojengwa.

Baada ya Ramayan weka Luv Kush, mwendelezo wake. Kisha tamthilia ya Vishwamitra, alikocheza mfalme Harishchandra. Na sauti ya Ram aliyoitia katika toleo la zamani la Kihindi la filamu ya katuni ya Ramayana iliyotengenezwa na Wajapani kwa kushirikiana na Wahindi, ambamo Amrish Puri alikuwa sauti ya Ravan. Ongeza OMG 2 ya mwaka 2023 na Article 370 ya mwaka 2024, ambamo alicheza waziri mkuu. Sasa lisome jedwali kutoka juu hadi chini. Utaona mwenyewe kwamba baada ya mwaka 1988 nafasi karibu zote ni za wafalme, watakatifu na wakubwa wenye busara. Hilo ni jibu la nusu ya swali lako, nawe hujasoma maoni ya mtu yeyote bado.

Kuhusu majina: Deepika Chikhalia huandikwa pia Dipika Chikhlia, na tamthilia huandikwa Ramayan au Ramayana. Chagua tahajia moja, uishike mpaka mwisho. Vilevile zipo Ramayan nyingine za televisheni, ikiwamo ya mwaka 2008 iliyorushwa na NDTV Imagine, Gurmeet Choudhary akiwa Ram. Picha za tamthilia hizi mbili huchanganywa mtandaoni kila mara. Ukitaka kuzitenganisha, tazama ubora wa picha na mavazi: ya 1987 ina mwanga bapa wa studio, mataji ya bati linalong'aa na mandhari ya nyuma yaliyochorwa kwa mkono.

Eleza televisheni yenyewe kwanza

Msomaji wa leo ana chaneli mia moja na simu mkononi. Hataelewa lolote usipomweleza Doordarshan ilikuwa nini.

Lilikuwa shirika la serikali, na mwaka 1987 Mhindi wa kawaida hakuwa na televisheni nyingine. Matangazo ya rangi yalianza mwaka 1982, mwaka wa Michezo ya Asia jijini Delhi. Tamthilia ndefu ya kwanza, Hum Log, ilianza Julai 1984. Chaneli binafsi za satelaiti zilikuja baadaye. Zee TV ilianza Oktoba 1992. Kwa hiyo Ramayan iliangukia katika dirisha la miaka michache ambapo seti za televisheni zilikuwa zimeshaenea hadi miji midogo na vijiji vingi, lakini mtazamaji hakuwa na mahali pengine pa kuhamia. Nyumba yenye seti ilijaza majirani. Hakuna mwigizaji wa leo, awe hodari vipi, atakayepata hadhira ya namna ile. Liandike jambo hili waziwazi, maana bila hilo utampa Govil peke yake sifa ambayo nusu yake ni ya mazingira.

Ramayan ilirushwa Jumapili asubuhi kuanzia tarehe 25 Januari 1987 hadi tarehe 31 Julai 1988, sehemu 78 za takriban dakika 35 kila moja. Mwanzoni zilipangwa 52. Zikaongezwa kwa sababu watu walizidai. Saa ya kuanza ilikuwa 9:30 kwa saa za India. Ukiandika kwa Kiswahili sema saa tatu na nusu asubuhi, wala usiache "9:30" ikining'inia, kwa sababu msomaji wa Tanga au Lamu ataisoma saa tisa na nusu. Ukitaka kulinganisha na Afrika Mashariki, India iko mbele kwa saa mbili na nusu.

Ilipigwa Umbergaon, mji mdogo wa Gujarat karibu na mpaka wa Maharashtra, mbali na studio za Mumbai. Muziki na nyimbo vilikuwa vya Ravindra Jain. Msingi wa hadithi ni utenzi wa Kisanskriti wa Valmiki na, zaidi ya huo, Ramcharitmanas ya Tulsidas wa karne ya 16, utenzi unaoimbwa majumbani na mahekaluni kaskazini mwa India. Neno "utenzi" litumie bila kusita. Msomaji aliyezoea tendi zetu ataelewa mara moja kwamba hiki ni kisa ambacho watazamaji walikuwa wanakijua kwa moyo kabla ya kuwasha televisheni. Hawakutazama ili wajue mwisho. Walitazama ili wamwone Ram.

Kutazama uigizaji

Huwezi kuandika wasifu wa mwigizaji ambaye hujamtazama. Inashangaza ni wangapi hufanya hivyo.

Sehemu zote 78 ni karibu saa 45. Huhitaji zote. Chaneli ya YouTube iitwayo Tilak, ya familia ya Sagar, imeziweka. Tafuta sehemu kumi zinazobeba matukio haya: Ram anapovunja upinde wa Shiva kumpata Sita; mama wa kambo wa Ram, Kaikeyi, anapodai ahadi zake mbili na Ram kuhukumiwa miaka 14 msituni; mvushaji Kevat anapomwosha miguu kabla ya kumpandisha mashuani; Bharat anapomfuata nduguye msituni na kurudi na makubazi yake; kutekwa kwa Sita; kukutana na Hanuman; kifo cha Ravan; na kutawazwa. Kaikeyi na Bharat watakuchukulia zaidi ya sehemu moja, na hapo kumi zinatimia.

Tazama kila sehemu mara mbili. Mara ya kwanza acha sauti. Mara ya pili zima sauti kabisa, utazame uso wake tu. Andika mambo manne: macho yanaelekea wapi, mdomo unafanya nini, mikono iko wapi, na kamera inakaa juu yake sekunde ngapi kabla ya kuhama.

Utagundua haya. Govil hafanyi karibu chochote. Mikono imetulia, mabega hayapandi, na kuna tabasamu dogo ambalo haliongezeki wala halipungui hata anapopewa habari ya kufukuzwa kwao. Kwa simulizi yake mwenyewe, Sagar alimkataa mwanzoni alipojaribiwa, na tabasamu hilo ndilo lililokamilisha sura iliyotakiwa. Kamera humwendea taratibu mpaka uso ujaze skrini, mara nyingi akiangaliwa moja kwa moja kwa mbele, na hukaa hapo muda mrefu kuliko masimulizi yanavyodai. Mwenye jicho la filamu za mapigano ataona uvivu. Lakini katika ibada ya Kihindu kuna jambo liitwalo darshan: mwumini anakwenda kuiona sura ya mungu, na kuonwa nayo. Picha ile ya karibu, tulivu, ya mbele, inampa mtazamaji nafasi ya kufanya hivyo akiwa sebuleni kwake. Uigizaji wenye mikunjo mingi ungeiharibu.

Mlinganishe na Arvind Trivedi. Ravan wake anacheka kwa kifua kizima, anatembea kwa kishindo, sauti inapanda na kushuka. Trivedi alikuwa mwigizaji mkubwa wa jukwaa na filamu za Kigujarati, na inaonekana. Dara Singh naye alikuwa mpiga mieleka maarufu, wakati huo akikaribia miaka 60, na Hanuman wake ana uzito wa mwili ambao hauigizwi. Waweke watatu hawa kwenye aya moja. Utulivu wa Govil utaonekana kuwa uamuzi, na msomaji hataufikiria tena kuwa upungufu.

Usichekeshwe na mishale inayogongana angani na kutoa cheche. Ni mbinu za video za miaka ya 1980 zenye bajeti ndogo. Zitaje kwa sentensi moja kisha endelea. Aya nzima ya kukejeli teknolojia ya kale haimsaidii mtu.

Takwimu

Hapa ndipo makala nyingi huvunjika.

Kwanza, vipimo. Magazeti ya India huhesabu kwa laki na krori. Laki ni ileile yetu, 100,000. Krori moja ni milioni 10. Kwa hiyo "krori 7.7" ni milioni 77, si milioni 7.7, wala si bilioni. Kosa hili hutokea mara nyingi mtu anapokuwa na haraka. Nambari zao pia huwekewa mkato mahali tofauti: 1,00,000 ni laki moja, 1,00,00,000 ni krori moja. Zihamishie kwenye mkato wetu kabla ya kuchapisha.

Pili, umri wa vipimo. Mfumo wa sasa wa kupima watazamaji nchini India, uitwao BARC, ulianza kutoa takwimu mwaka 2015. Namba za mwaka 1987 unazozikuta mtandaoni, kwamba walitazama watu milioni 80 au milioni 100, ni makadirio. Ziandike hivyo: "inakadiriwa". Usiziweke kwenye sentensi moja na za mwaka 2020 kana kwamba zilipimwa kwa rula moja.

Tatu, rekodi. India ilipofunga shughuli zote kwa sababu ya Uviko-19 mwishoni mwa Machi 2020, Doordarshan ilirudisha Ramayan hewani kuanzia tarehe 28 Machi, asubuhi na usiku. Tarehe 30 Aprili ikatangaza kwamba sehemu ya tarehe 16 Aprili ilitazamwa na watu milioni 77, na kwamba hiyo ni rekodi ya dunia kwa kipindi cha burudani. Dai hilo likasambaa kila mahali. Kabla ya kulinakili, lipime: sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Kimarekani M*A*S*H, mwaka 1983, ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 100. Kwa hiyo rekodi ya dunia haisimami. Kinachosimama ni kikubwa vya kutosha: tamthilia ya miaka 33, yenye picha hafifu, iliwakusanya mamilioni ya watu wenye chaneli nyingi za kuchagua. Andika hicho. Neno "rekodi" liache likae ndani ya maneno ya shirika lenyewe: "Doordarshan ilidai kuwa..."

Alama aliyoiacha

Maneno "maarufu", "kipenzi cha wengi" na "gwiji" yafute yote. Urithi wa mwigizaji huonekana katika mambo ambayo watu walifanya. Kusanya vitendo, uvipange kwa tarehe.

Kitendo cha kwanza: watu waliabudu. Taarifa za wakati ule zinaeleza watazamaji walioga kabla ya kipindi, wakavua viatu, wakaivisha televisheni mashada ya maua na kuifukizia ubani. Mitaa ilikuwa mitupu Jumapili asubuhi. Govil akawa mtu ambaye wageni humwinamia na kumgusa miguu barabarani. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi mtazamaji alivyomkemea alipomkuta akivuta sigara, jambo lililomfanya aache. Kisa hicho kidogo ni dhahabu kwa wasifu, kwa sababu kinaonyesha mtu akibadili maisha yake halisi ili yasigongane na nafasi yake. Kitumie, lakini kwa kauli ya "amesimulia", kwa kuwa shahidi ni yeye.

Kitendo cha pili: mgomo. Tamthilia ilipomalizika Julai 1988 kwa kutawazwa Ram, sehemu ya mwisho ya kisa ilikuwa imeachwa, ile ya Luv na Kush, wana pacha wa Ram waliolelewa na Valmiki. Wafagiaji wa miji kaskazini mwa India, wengi wao wa jamii inayomtukuza Valmiki kama mtakatifu wake, waligoma wakidai kisa hicho kionyeshwe. Serikali ikakubali, na Luv Kush ikatengenezwa, Govil akarudi kuwa Ram. Mara ngapi umesikia wafanyakazi wakigoma kwa ajili ya mwendelezo wa tamthilia? Lipe tukio hili aya nzima. Linafundisha pia kwamba jamii ile haikuwa inadai burudani. Ilikuwa inadai kuonekana ndani ya kisa ambacho taifa zima lilikuwa linakitazama.

Kitendo cha tatu ni siasa, na hapa kalamu iende polepole.

Andika mfuatano kama ulivyo. Mwaka 1988 Govil alikipigia kampeni chama cha Congress katika uchaguzi mdogo wa Allahabad. Mgombea wa chama hicho akashindwa na V. P. Singh. Mwaka 1991 Deepika Chikhalia alichaguliwa mbunge wa Baroda, na Arvind Trivedi mbunge wa Sabarkantha, wote kwa tiketi ya BJP, chama cha utaifa wa Kihindu kinachopingana na Congress. Nitish Bharadwaj, aliyekuwa mungu Krishna katika tamthilia ya Mahabharat iliyoifuata Ramayan kuanzia Oktoba 1988, akachaguliwa Jamshedpur mwaka 1996 kwa chama hichohicho. Dara Singh aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge, mwaka 2003. Govil mwenyewe alijiunga na BJP Machi 2021, akahudhuria uzinduzi wa hekalu la Ram huko Ayodhya tarehe 22 Januari 2024, na Juni mwaka huo akashinda ubunge wa mji aliozaliwa, Meerut, kwa tofauti ya kura 10,585.

Hapo utashawishika kuandika kwamba tamthilia ndiyo iliyoleta mabadiliko ya siasa za India. Ni kweli BJP ilipanda kutoka viti viwili mwaka 1984 hadi 85 mwaka 1989 na 120 mwaka 1991, na ni kweli mgogoro wa Ayodhya, wa Wahindu na Waislamu kugombea mahali ambapo Wahindu wanaamini Ram alizaliwa na palipokuwa na msikiti, ulipamba moto katika miaka hiyohiyo, hadi msikiti wa Babri ukabomolewa tarehe 6 Desemba 1992. Lakini mambo mawili kutokea pamoja hakufanyi moja kuwa mzazi wa jingine. Tamthilia ilirushwa chini ya serikali ya Congress, na Congress ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumpandisha "Ram" jukwaani, na ikashindwa. Ukiyaweka matukio haya bega kwa bega, msomaji ataona lililo muhimu zaidi: uso mmoja ulitakiwa na vyama viwili hasimu, miaka 33 ikiwa katikati yao. Na ushindi wa kura elfu kumi na kidogo katika jimbo lenye wapiga kura zaidi ya milioni moja unaonyesha kwamba heshima ya skrini haigeuki kura kwa urahisi kama wengi wanavyodhani.

Kitendo cha nne ni gharama kwa mwigizaji. Govil amesema zaidi ya mara moja kwamba baada ya Ram watayarishaji wa filamu walishindwa kumwona kama mtu mwingine. Jedwali lako linathibitisha. Hapa ndipo swali lililo juu ya daftari linapojibiwa, kwa hiyo aya hii iweke kabla tu ya aya ya mwisho ya makala, ikiwa na mifano kutoka kwenye jedwali: steringi wa mapenzi wa mwaka 1979, mfalme wa mafumbo wa mwaka 1985, kisha mlolongo wa wakubwa wenye busara. Usimfanye mtu wa kuhurumiwa. Alipata kitu ambacho waigizaji wenye filamu mia mbili hawajakipata, na alilipia.

Adabu ya kuandika dini ya wengine

Wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu na Wakristo, na lugha yetu ya mitaani ina mazoea ya kuicheka miungu ya Kihindi. Makala yako isiwe na chembe ya hayo. Ram ni mungu anayeabudiwa na mamia ya mamilioni ya watu. Usiandike "hekaya za kubuni", usiandike "masanamu". Sema "kisa", "utenzi", "imani ya Wahindu". Pia tenganisha kila mara mtu na nafasi: "Govil alikwenda Meerut", "Ram alikwenda msituni". Sentensi kama "Ram alishinda uchaguzi" huvutia kama kichwa cha habari, lakini inamkwaza mwumini na inampotosha asiyejua.

Mahojiano hapa kwetu

Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala, una chanzo kilicho karibu nawe: majirani. Familia nyingi za Kihindu za Afrika Mashariki zina asili ya Gujarat, jimbo lile ambako tamthilia ilipigwa na ambako Trivedi alikuwa nyota tangu kabla ya kuwa Ravan. Wapo wazee walioitazama kwenye kanda za video zilizotoka India. Nenda kwenye jumuiya au hekalu, jitambulishe ofisini kwanza, vua viatu panapotakiwa, na uombe kuzungumza na wazee.

Wasalimie kwa "namaste" ukipenda, ingawa wengi wataitikia Kiswahili safi cha pwani. Uliza maswali mafupi: mliitazama wapi, kanda mlipataje, nani alikaa na nani, watoto waliuliza nini, nani alikuwa akipendwa zaidi. Epuka "mlijisikiaje?", utapata jibu la "vizuri" na mazungumzo yatakufa. Usichapishe jina la mtu wala mtaa wake bila ruhusa yake. Mahojiano mawili au matatu yanatosha kwa aya moja, nayo isizidi hapo: makala ni ya Govil na ya India, na upande wetu uingie kwa kiasi chake.

Kuandika na kusahihisha

Kwa makala ya maneno 1,500, gawanya hivi: aya ya kwanza maneno 80, ikianza na tukio lenye tarehe, mazingira ya Doordarshan 200, kazi kabla ya mwaka 1987 maneno 250, uigizaji wenyewe 350, matendo ya watazamaji na siasa 400, kilichobaki kiwe gharama na miaka ya karibuni. Kuzaliwa kwake kuingie aya ya tatu au ya nne. Makala inayoanza na "Arun Govil alizaliwa" inapoteza nusu ya wasomaji hapohapo.

Rasimu ikiisha, ilaze siku moja. Kisha pitia kila mwaka na kila namba dhidi ya safu ya sita ya jedwali. Isiyo na chanzo itoe. Tafuta neno "kwanza" na "pekee" popote yalipo, kwa sababu madai hayo ndiyo huanguka mapema zaidi: kwa mfano, Ramayan haikuwa tamthilia ya kwanza ya Doordarshan, wala Govil hakuwa wa kwanza katika kundi lao kuingia bungeni. Mpe yule mjuzi wa Kihindi majina tu, kwenye orodha, ayasome kwa sauti.

Mwisho ni picha. Picha za tamthilia zina wenyewe. Kupiga picha ya skrini na kuibandika kunaweza kukufungia ukurasa. Tumia zile zenye leseni huria kwenye Wikimedia Commons, ukitaja mpigapicha na leseni chini yake. Kwa kuwa Govil sasa ni mbunge, tafuta pia picha zilizotolewa na ofisi za serikali ya India kwa masharti yanayoruhusu kuzitumia. Chini ya picha andika mwaka ilipopigwa, ili anayemjua kijana mwenye taji la mwaka 1987 asidhani umekosea mtu.